Batri Ilisoma Volti 12, na Sisi Tukamshitaki Mtu



Safari hii hatutaki kuandika juu ya mpira wala juu ya bukari ya internati. Tunataka kusema juu ya batri ya chumba cha masomo ya usiku, kwa sababu ile batri imetuletea maneno, na yale maneno hayajaisha mioyoni.

Wote munajua namna ilivyokuwa. Batri ilinunuliwa kwa michango yetu, nayo haikuwa mpya. Muuzaji aliigusa na voltimetri mbele ya macho yetu, ikasoma volti 12,6. Tulifurahi, tukalipa. Lakini juma halikuisha, taa zikaanza kufifia mbele ya saa mbili ya usiku, na wale wa darasa la sita, wenye kungojea egzame ya serikali, wakabaki kusomea mishumaa. Asubuhi tukipima, batri inasoma tena zaidi ya volti 12! Basi watu wakasema: "Batri iko mzima. Ni baba zamu, yeye anachajia watu matelefone usiku." Maneno yakafika mpaka kwa Bwana Prefe. Baba zamu akaitwa, akaulizwa kama mwizi. Na sisi, tuseme kweli, tulikuwa kati ya wale waliosema.

Baadaye profeseri wa fizikia alituambia tulete balbu ya taa ya mbele ya motokari. Tulipima batri ikiwa peke yake: volti 12,6. Tukafunga balbu, tukapima tena wakati inawaka: volti 9,8. Amperi zilizopita zilikuwa 4. Tulipotoa balbu, volti zikapanda tena, kama vile hakuna kitu kilichotokea. Tulisimama kimya. Hakuna mwizi aliyepita pale. Mwizi alikuwa ndani ya batri yenyewe.

Kila mwanafunzi wa sayansi hapa anajua kusema bila kusita: U = E – rI. Tumeiandika ubaoni, tumeiandika katika kaye, tumepata alama. E ni nguvu ya batri isipofanya kazi. U ni volti zinazotoka kwenye vichwa vyake viwili wakati inafanya kazi. I ni mkondo, na r ni ukinzani wa ndani, ndiyo ile rezistansi iliyo katika batri yenyewe. Sasa tufanye hesabu ya batri yetu. Volti 12,6 kutoa 9,8, zimepotea 2,8. Gawa kwa amperi 4: r ni omu 0,7. Batri nzuri ya motokari haifiki hata omu 0,1. Ukinzani wake ni kidogo sana, na kwa amperi 4 volti hazishuki hivi. Katika ile yetu, wati 39 zilienda kwenye balbu, na wati 11 zilibaki ndani kupasha batri moto bure. Ni zaidi ya sehemu moja katika tano.

Mbona voltimetri haikutuambia siku ya kununua? Kwa sababu voltimetri haichukui mkondo, au inachukua kidogo sana. Kama I ni karibu sifuri, rI nayo ni karibu sifuri, na U inalingana na E. Ni kama mtu anayechungulia mtungi wenye shingo nyembamba. Anaona maji yamejaa, anasema mtungi ni mzuri. Lakini inamisha ule mtungi uwanyweshe watu kumi wenye kiu, ndipo utajua shingo yake ilivyo. Muuzaji alituonyesha mtungi, sisi hatukuomba kuuinamisha. Hapo kosa ni letu.

Ukinzani huu unatoka wapi? Batri ya asidi ikiachwa siku nyingi bila chaji, unga mgumu wa salfati unashika mabamba yake ya risasi, na hapo hata kiasi cha umeme inachoweza kuweka kinapungua. Maji yake yakikauka, sehemu ya mabamba inabaki wazi. Na pengine ubaya si wa ndani kabisa: ni ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa, pale waya unapofungwa. Huo unasafishwa kwa maji ya moto na soda, hauhitaji batri mpya.

Mambo haya tunayaona kila siku nyumbani bila kuyafahamu. Baba anaweka mawe ya radio juani, na radio inasema tena kidogo. Si uchawi. Joto linaharakisha kazi ya dawa za ndani, ukinzani unapungua, lakini kwa muda mfupi tu. Mama anatia jiwe moja jipya pamoja na mawili ya zamani, kisha anashangaa tochi haiwaki vizuri. Yote matatu yako katika njia moja: mkondo unaotoka katika jipya unapita pia katika yale yaliyochoka, na ukinzani wao unaukamata.

Tena, nani angepaswa kufahamu maneno haya kuliko sisi wa Lualaba? Batri ya kwanza ya Volta, mwaka wa 1800, ilitumia zinki pamoja na shaba au fedha. Kobalti inayochimbwa Kolwezi inaingia katika batri za lithiamu za telefone na za magari ya umeme duniani kote. Na toka mwaka wa 1982 laini ya umeme ya Inga inafika Kolwezi, safari ya kilometa karibu 1.700, kwa volti 500.000. Kwa nini volti nyingi hivi? Kwa sababu ya adui yule yule. Waya mrefu una ukinzani, na amperi zikiwa mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Wahandisi walipandisha volti ili amperi zipungue. Sisi tunatoa shaba na kobalti, lakini mbele ya batri moja tulikimbilia kutafuta mwizi. Hii ni haya kwetu.

Wengine watatujibu: "Egzame inauliza formula, haiulizi batri." Tunawaambia hapana. Formula iliyobaki katika kaye haikuwasha taa, wala haikumlinda mtu asiye na kosa. Kama tungeielewa ile U = E – rI, tungeokoa pesa ya wazazi, na mzee asingeaibishwa mbele ya watoto.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, shule isinunue tena batri bila kuipima ikiwa inawasha balbu. Balbu moja na dakika chache zinatosha. Pili, wanafunzi wa sayansi wapewe kazi ya kupima batri zote kila mwezi na kuandika namba katika kaye moja: volti bila balbu, volti na balbu, amperi. Vichwa visafishwe, na maji yaliyosafishwa yaongezwe yakipungua, si maji ya mtoni. Wala mtu asikaribie na kiberiti, kwa sababu batri ikichajiwa inatoa gazi inayolipuka. Tatu, mchango mpya usiitishwe mpaka namba hizo zisomwe mbele ya wote.

Na neno la mwisho si la fizikia. Baba zamu, sisi tulikusemea mabaya bila kupima. Tulisema kwa siri, na leo tunaomba msamaha wazi, katika gazeti hili ambalo kila mtu hapa anasoma. Utusamehe, baba.

Wanafunzi wa la sita, sayansi