Ngoma Nzima, Si Kipande

Mwaka 2018 kampuni ya santuri ya Kijerumani, Deutsche Grammophon, ilitoa muziki uliorekodiwa mbele ya watazamaji katika ukumbi wa Walt Disney mjini Los Angeles, mwezi Desemba 2013. Okestra ya mji huo, chini ya uongozi wa Gustavo Dudamel, ilipiga muziki wote wa baleti ya Kirusi iitwayo Shchelkunchik, kazi ya Pyotr Ilyich Tchaikovsky, tangu mwanzo hata mwisho, kwa muda unaokaribia saa moja na nusu. Neno hilo "wote" ndilo lililotufanya tuishike kalamu.

Jina la baleti hiyo maana yake ni kibanio cha kuvunjia kokwa ngumu. Sisi wa Mtwara, ambao korosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, tungekiita kibangulio na tusiulize zaidi. Kibanio hicho kimechongwa kwa mti katika umbo la mtu. Binti mdogo anakipokea kuwa zawadi usiku wa kuamkia Krismasi. Usiku wa manane kinapata uhai, kinapigana na jeshi la panya, kisha kinageuka mwana wa mfalme na kumchukua binti yule hadi nchi ya peremende. Wazungu huona hayo kuwa ni hekaya ya watoto. Msomaji wa Newala hatashangaa sana, kwani wazee wa Kimakonde husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti yenye umbo la mwanamke, na sanamu ile ikapata uhai, ikawa mkewe na mama wa kabila.

Tchaikovsky mwenyewe ndiye aliyeanza kuikata kazi yake. Mwezi Machi 1892 alipigisha vipande vinane tu, miezi kadhaa kabla baleti yenyewe haijachezwa katika jumba la Mariinsky, St Petersburg, tarehe 18 Desemba mwaka huo. Vipande hivyo vinane ndivyo vilivyozunguka dunia, vikaingia katika sinema na matangazo ya biashara. Anayevijua hudhani ameijua baleti. Ni kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi Juzuu Amma akatangaza kwamba amehitimu Msahafu. Hatulinganishi Kitabu kitukufu na ngoma. Twazungumzia kuhitimu tu.

Sasa tazama kilichoachwa nje. Katika sehemu ya kwanza yote ya baleti, vipande vile vilichukua utangulizi na gwaride la watoto basi. Mti unaokua mbele ya macho ya binti haumo. Hapo muziki hupanda ngazi kwa ngazi, wimbo ule ule ukirudiwa kwa sauti kubwa zaidi kila mara, hata msikilizaji akaona dari limeondoka. Vita vya panya havimo. Ngoma ya theluji, ambamo sauti za watoto huingia ghafula bila neno hata moja, haimo. Wala haimo ngoma kuu ya watu wawili karibu na mwisho, ambayo wimbo wake si kitu ila noti za kawaida zikishuka moja baada ya moja kama mtu ateremkaye ngazi. Na kwa kitu hicho kidogo Tchaikovsky ametengeneza huzuni ambayo hakuna aitegemeaye katika nchi ya peremende. Huzuni hiyo haieleweki kwa msikilizaji asiyepita kwanza katika usiku, vita na theluji. Hapo ndipo rekodi ya Dudamel inapostahili sifa. Humpeleka mtu kwa njia yote.

Dosari hazikosekani. Okestra hii haikuwa na wachezaji mbele yake, na mara nyingine yasikika. Katika ngoma ya Kirusi iitwayo trepaki, kasi ni ya wapigaji wasio na mguu wa mtu wa kuusubiri. Mpiga ngoma wa kwetu asingethubutu. Tena ipo ngoma ya "Kiarabu", inayowakilisha kahawa. Mtu aliyelelewa kwa kasida na maulidi atatega sikio bure, maana wimbo wake umetokana na bembelezo la watoto wa Georgia. Ni mzuri, lakini Arabuni hautoki.

Yuko atakayeuliza mtu wa Chama anatafuta nini katika starehe iliyotungwa kwa ajili ya majumba ya tsari. Tumjibu kwa Mwalimu. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliojua dansi za Kizungu wasijue gombe sugu wala lele mama. Na katika hotuba hiyo hiyo akalikemea vikali taifa linalokataa kujifunza utamaduni wa wengine. Warusi wenyewe, baada ya mapinduzi ya 1917, hawakuyabomoa majumba yale. Kulikuwa na waliotaka yafungwe, na Lunacharsky, aliyekuwa kamishna wa elimu, akayatetea. Naye Dudamel hakutoka katika ukoo wa kitajiri wa Ulaya. Ni Mvenezuela wa Barquisimeto, tunda la mpango ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975, wa kuwapa ala za muziki watoto, hasa wa mitaa maskini.

Je, sisi tumefanya nini na yetu? Sindimba ilitoka katika nyanda za Makonde, ikachukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa katika miaka ya 1960, ikaenea nchi nzima mashuleni na katika mikutano. Kwa kuenea huko tulijivunia. Lakini kilichoenea ni kiuno. Kilichokuwa sehemu ya mafunzo na sherehe zenye mwanzo na mwisho wake kilifupishwa kikawa burudani ya kumngoja mgeni rasmi. Hata leo ratiba huandikwa "ngoma, dakika tano", na mshereheshaji huinua mkono wakati ngozi ndiyo kwanza zinapata joto. Tamasha la MaKuYa, lililobeba majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, limefanya kazi njema hapa Mtwara, lakini jukwaa la tamasha nalo lina saa yake.

Mapiko hayaendi kwa saa hiyo. Ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka husimikwa ardhini, hupashwa moto wa nyasi, hujaribiwa, hupashwa tena. Aliyevaa kinyago hatokei kwa pupa; huitwa kwa ngoma, hujificha, huitwa tena, wanawake hukimbia na kurudi wakicheka. Mdundo mmoja humjibu bega, mwingine mguu. Ukikata dakika tano za katikati, umebakiwa na mtu aliyevaa kinyago akitikisika, nawe huwezi kumlaumu mtazamaji anayesema ngoma zote ni moja.

Pendekezo letu ni dogo. Msimu wa jando ujao, maofisa utamaduni wa wilaya za Newala, Tandahimba na Mtwara, pamoja na Shirika la Utangazaji lililorithi hazina ya Radio Tanzania, wachague ngoma moja tu, wairekodi nzima, pale pale inapochezwa, pamoja na vigelegele, kikohozi na kilio cha watoto. Yapo ya jando yasiyofaa sikio la kila mtu, na katika hilo amri ni ya wazee: watakalolizuia lisirekodiwe, wala mtaalamu wa mjini asije na maikrofoni ya siri. Wapigaji walipwe kabla hawajaondoka uwanjani. Nakala ya kwanza ibaki kijijini, mikononi mwa wenyewe, na ya pili ndiyo iende Dar es Salaam.