Kabla mvua haijarudi, tufunike mashimo

Barabara ya kutoka Sake ikishapanda mpaka Mushaki, mgeni anashangaa. Anaona milima ya majani, mmoja nyuma ya mwingine, na ng'ombe wadogo sawa punje za maharagi kule mbali. Anasema Masisi ni Uswisi ya Afrika, anapiga picha, ananunua fromaji yake, anateremka Goma. Wazee wetu hawaiangalii hivyo. Wao wanajua kwamba majani yale yamekuja juzi tu. Hapa palikuwa pori.

Sehemu moja ya pori ilikatwa na wazungu juu ya mashamba yao. Nyingine ilikwisha baada ya mwaka 1973, wakati sheria ya ardhi na zairianizasio viliwapa wakubwa wachache milima mizima, wakaigeuza malisho. Mlimaji mdogo aliyefukuzwa pale alifanya nini? Alipanda kwenye mteremko mkali na jembe lake, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hangelima kama angekuwa na pa kuchagua. Kisha vita vya 1993, wakimbizi wa 1994, na vita vingine ambavyo kila mtu hapa anavijua, hatuna haja ya kuvihesabu. Tunasema haya kwanza kwa sababu siku hizi ni desturi kusema kwamba makreseri ndio waliomaliza Masisi. Kreseri wa kwanza wa koltani alipofika na baramini yake, mlima ulikuwa umeshavuliwa nguo.

Lakini hiyo haimaanishi tunyamaze juu ya kazi yetu. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaijua kuliko waandishi wanaopita na gari.

Koltani ya Rubaya iko ndani ya jiwe laini, jeupe sawa unga wa mihogo. Ili kulifikia, kitu cha kwanza kutupwa ni udongo mweusi wa juu, ule ule unaozaa viazi na maharagi. Unasukumwa chini ya mteremko, mvua inaubeba. Halafu shimo lenyewe linataka miti ya kulishikilia ili lisitufunike, na miti hiyo inatoka kwenye vilima vya jirani. Halafu kuosha. Tunachota maji ya kijito, tunayapitisha kwenye mchanga mpaka madini mazito yabaki chini, na yote mepesi yanaenda na maji. Mama anayeteka maji pale chini anajaza bido yake matope. Mwenye shamba la bondeni anaamka asubuhi, mistari yake ya mahindi imefunikwa na mchanga mweupe usioota hata nyasi.

Na matope hayo hayaishii kwetu. Maji ya milima hii upande wa magharibi yanaingia Osso, Osso inaingia Lowa, na Lowa inapita Walikale kwenda mpaka Lualaba. Ndugu wa Walikale nao wana migodi yao. Wanakunywa ya kwao na ya kwetu pamoja.

Kuna jambo la maji, kuna na jambo la kufa. Aprili 2023, kule Bolowa, hapa hapa Masisi, mlima uliangukia watu kando ya kijito, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wakifua nguo. Karibu ishirini walikufa. Mwezi uliofuata, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, maji na mawe yaliondoa watu zaidi ya 400 kwa siku moja. Hatusemi migodi ndiyo iliyofanya hivyo. Tunasema mteremko usio na mizizi haushiki maji, uwe wa ng'ombe, wa mihogo au wa koltani. Tofauti ya wa koltani ni kwamba ndani una matundu pia, na ndani ya matundu kuna vijana wetu.

Sasa, nani alipe? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka Rubaya. Iko kwenye simu, kwenye kompyuta, hata kwenye ndege. Bei ya kilo inahesabu usafiri, inahesabu kodi, inahesabu faida ya negosia na ya kontwari. Kufunika shimo hakumo. Kodi mini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini inaenda kwa sheferi au sekta ambamo madini yametoka. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na wataalamu wale wale waliandika kwamba kodi ya koltani iliiletea karibu dola 800,000 kila mwezi. Mkubwa wa jana, mkubwa wa leo, swali letu ni lile lile: ni ngapi imerudi kwenye udongo? Tembeeni wenyewe kwenye mlima, mtafute mti mmoja uliopandwa kwa pesa ya koltani.

Kupanda kunawezekana, hiyo si ndoto. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF ulisaidia walimaji wa Masisi na Rutshuru kupanda miti kwenye viwanja vyao, ili makala ya Goma yasitoke yote katika Parki ya Virunga. Watu walipanda, juu walijua mti ni wao na wataukata wao. Mikaratusi ilienea. Kwa maoni yetu ilienea hata mahali ambapo haifai, kwa sababu mti ule unakunywa maji kama ng'ombe. Kando ya kijito afadhali mianzi au matete. Lakini fundisho lenyewe ni zuri.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu jambo gumu. Udongo mweusi usitupwe tena, urundikwe pembeni. Kuosha kufanyike kwenye dimbwi lililochimbwa, ambamo matope yanatulia kabla maji hayajarudi mtoni. Shimo lililokauka lifunikwe, na udongo ule mweusi urudi juu yake. Na mvua zikiwa kali, hakuna mtu kuingia kwenye shimo lililo chini ya mashimo ya zamani.

Tunajua jibu, tumelisikia kwenye kila mkutano: siku ya kufunika shimo, watoto watakula nini? Ni swali la haki. Kreseri halipwi mshahara, analipwa fungu lake la mchanga, na siku bila mchanga ni siku bila chakula. Ndiyo sababu tunasema kazi ya kufunika ihesabiwe kama kazi ya kuchimba, na itolewe kabla ya kugawa: kabla ya fungu la PDG wa shimo, kabla ya fungu la mwenye ardhi, kabla ya letu. Mapidiji wengine wamecheka. Wengine wawili watatu wameuliza itakuwa magunia mangapi, na anayeuliza idadi ameshaanza kufikiri. Atakayeingiza kreseri shimoni siku ya mvua kubwa kwa kumtisha kwamba nafasi yake itachukuliwa, huyo tutamtaja kwenye mkutano mbele ya watu wote.

Mwezi wa saba na wa nane jua linakuwepo, udongo unabebeka. Septemba mvua inarudi. Tunataka kuanza na mashimo yaliyo juu ya vijito, sehemu ambazo watu wanateka maji, na wenye mashamba ya bondeni tumewaita waje waonyeshe wenyewe yapi yanawaumiza zaidi. Wanunuzi wa Goma tumewaandikia barua mbili, tukiwaomba waongeze gharama ya kufunika kwenye bei ya kilo. Jibu halijafika.