Babu Aliyehesabiwa Bila Jina

Ndugu msomaji, mtu hutambulikana kwa jina lake na kwa majina ya wazazi wake. Basi fikiri hali ya mtu autafutaye ukoo wake katika madaftari ya serikali, akamkuta babu yake amehesabiwa lakini hakuandikwa jina. Yamewafika hayo Wamarekani weusi wengi, wakiwamo wale wenye asili ya Nicodemus, kijiji kidogo katika jimbo la Kansas, kwenye nyanda za kati za Marekani.

Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1877. Wengi waliokihamia walikuwa wametoka Kentucky, walikokuwa watumwa hadi mwaka 1865. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa wananchi nafasi ya kujipatia eka 160 za ardhi, kwa sharti la kujenga, kulima na kukaa hapo miaka 5. Kwa kuwa miti ilikuwa haba, wengi walichimba makao ndani ya ardhi, na humo ndimo walimoupitisha msimu wa baridi kali.

Mjukuu wa watu hao akitaka kuwajua, hana budi kuanza kwa wazee walio hai, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua. Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Kutoka daftari la mwaka 1900 hulazimika kuruka hadi la 1880, maana la 1890 karibu lote liliangamia baada ya moto uliozuka Washington mwaka 1921. Hilo la 1880 ni hazina, kwani ndilo la kwanza kueleza kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa nyumba: huyu mke, huyu mwana, huyu mama mkwe. Akifika la 1870, huwaona waliokuwa watumwa wameandikwa kwa majina yao kamili kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya hapo pana ukuta. Katika daftari la watumwa la mwaka 1860, jina lililoandikwa ni la bwana. Chini yake hufuata umri, jinsia na rangi tu: mwanamume, miaka 30, mweusi. Aghalabu jina la mtumwa huyo hupatikana katika orodha za mirathi za bwana wake, pamoja na farasi, meza na vitanda. Alipohesabiwa kama mtu hakuwa na jina. Alipothaminiwa kama mali, jina likaonekana!

Lakini iko njia nyingine, nayo yatia moyo. Maelfu ya watumwa wa Kentucky walijiunga na jeshi la serikali katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865. Wajane wao walipodai malipo ya wajane wa askari hawakuwa na vyeti vya ndoa, kwa sababu sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Mwaka 1864 Bunge lilikubali ushahidi kwamba wawili hao walikuwa wakiishi kama mume na mke. Ndipo majirani na jamaa walipojitokeza kueleza nani alimwoa nani, na watoto wao ni akina nani. Maneno yao yaliandikwa, na hadi leo yanasomwa. Karatasi ziliponyamaza, kumbukumbu ya watu ndiyo iliyosema.

Wazao wa Nicodemus hukusanyika kijijini humo kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wakubwa kwa wadogo, wakisimuliana habari za waliotangulia.

Nawe, msomaji, usingoje karani akuandikie ukoo wako. Jioni ya leo chukua daftari, keti na mzee wako, uandike majina, vijiji na miaka. Wala usiishie kwa akina babu. Uliza na majina ya akina bibi, kwani hao ndio husahauliwa kwanza.