Vijana Washirikishwe Tangu Mwanzo

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na kuhara, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Majadiliano hayo ndiyo yaliyoipa kampeni nguvu. Hata hivyo, vitabu na vipindi vilitungwa na wataalamu. Wananchi walivipokea vikiwa vimekwisha kamilika.

Utaratibu huo hautoshi tena. Mwezi Aprili 2018 ilianza kutolewa nchini kote chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vya papiloma, visababishavyo saratani ya shingo ya kizazi. Mara ukazuka uvumi kwamba chanjo hiyo huleta utasa. Uvumi huo ni uongo, lakini msichana aliyeusikia bwenini au kuusoma katika simu aweza kuikataa sindano, na gharama yake huenda ikaonekana miaka mingi baadaye.

Daktari ajua jinsi chanjo ifanyavyo kazi. Msichana ajua uvumi umepita wapi, umetumia maneno gani, na ni nani anayeaminiwa na wenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo yafaa vijana, wakiwamo wasiokuwa shuleni, waitwe wakati karatasi ingali tupu. Waorodheshe maswali yao, washiriki kuandika rasimu, kisha waipeleke kwa wenzao ili waieleze kwa maneno yao wenyewe. Pale walipoelewa visivyo, rasimu irekebishwe. Katika kazi hiyo hiyo watajifunza kuhoji kila habari: imetoka kwa nani, lini, na kwa ushahidi gani.

Wako wanaohofu kwamba kufanya hivyo ni kuupigia kura ukweli wa tiba. La hasha. Usahihi wa maelezo ya kitabibu utabaki kuwa dhamana ya mtaalamu; vijana watakuwa na kauli juu ya lugha, mifano na njia ya kuufikisha ujumbe.

Kinachopaswa kuepukwa ni kuwaita vijana siku ya uzinduzi, wavae fulana na kupiga makofi. Kila mradi uulizwe swali moja: ni jambo gani lililobadilishwa kwa sababu vijana walisema? Ukikosa jibu, basi haukuwashirikisha.