Saini ya Soda Si Ridhaa

Ndugu zangu wafugaji wa Isiolo, Marsabit na Samburu,

Karatasi ya mahudhurio huzungushwa kwanza, soda baadaye. Mama aliyetembea tangu alfajiri hubonyeza kidole gumba kwenye wino, akakipangusa kwenye leso, kisha akaketi chini ya mgunga kusikiliza habari za hewa ya kaboni kwa Kiingereza. Nimekaa kwenye baraza kama hilo. Jioni sisi tuliondoka na nauli, wenye mradi wakaondoka na karatasi. Baadaye alama zile za wino zikaitwa ridhaa yetu.

Tusikubali tena. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kushtaki ni wakazi wenyewe. Na kinachouzwa kupitia hifadhi kama hizo ni nini? Ni kaboni inayobaki udongoni malisho yanapopumzishwa kwa zamu. Kupumzisha malisho! Wazee wa dedha, baraza la malisho la Waborana, wamekuwa wakiamua tangu zamani ng'ombe wanywe wapi kiangazi na nyasi zipi zisiguswe mpaka ukame uje.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji ni batili usipoidhinishwa na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo hilo. Wanawake wamo. Vijana walioko fora, malisho ya mbali, na mifugo wamo. Nayo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka ya mradi wa ardhi, gharama zikishatolewa. Kwenye hizo gharama ndipo pesa hupotelea, kwa hiyo tudai kuona hesabu zake, mstari kwa mstari.

Ila ardhi isiyosajiliwa bado inashikiliwa na kaunti kwa niaba yetu. Basi tuanzie hapo: kila jamii iitishe mkutano mwezi huu, iandike majina ya watu wake, ichague kamati yenye wanawake, ipeleke maombi kwa msajili. Mliosoma, tafsirini mikataba kwa Kiborana, Kisamburu na Kirendille, muisome kwa sauti.

Wageni wakifika kabla hatujamaliza, wapeni maziwa, wasikilizeni hadi mwisho, na karatasi yao irudi bila wino.