Bomba la Newala na Waya wa USB

Nyanda za juu za Makonde hazina mito ya kutegemewa. Mvua inyeshayo Newala huzama ardhini, nayo maji ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mji wa Masasi hupata ya kwake kwa mabomba kutoka chanzo cha Mbwinji. Fundi wa mabomba katika nchi ya namna hiyo hujua jambo ambalo wasomi wengi wa elektroniki hulisahau, nalo ni kwamba koki ya bomba refu haifungwi ghafla. Ikifungwa polepole, maji hutulia. Ikifungwa kwa kishindo, wimbi la kanieneo hurudi nyuma mbio, na viungo vya bomba huweza kupasuka. Mrusi Nikolai Joukowsky alilichunguza jambo hilo mjini Moscow mwishoni mwa karne ya 19. Kiamuzi ni muda: je, koki imefungwa kabla wimbi halijafika mwisho wa bomba na kurudi, au baadaye?

Mwanafunzi aundaye bodi yake mwenyewe ya saketi, akaitia tundu la USB, hukutana na bomba lile lile katika umbo la shaba. Kwa mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, ulioanza mwaka 1996, karibu kila mchoro hufanya kazi. Kwa mwendo wa megabiti 480, uliokuja mwaka 2000, kompyuta hukitambua chombo, hukipoteza, hukiona tena, kisha hukipoteza. Hapo lawama hupelekwa pasipo pake. Programu huandikwa upya kwa majuma. Bodi hutupwa na nyingine huagizwa ng'ambo. Kwa aliyeko Newala, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, hasara hiyo yaweza kuwa ndiyo mwisho wa hamu yake ya ufundi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ishara husafiri katika njia ya shaba ya bodi yapata sentimita 15 kwa nanosekunde. Kwa mwendo mdogo volti hupanda kwa nanosekunde 4 au zaidi. Hiyo ndiyo koki ifungwayo polepole. Kwa mwendo mkubwa hupanda kwa nusu ya nanosekunde au chini yake, yaani katika urefu wa sentimita saba hivi, na sasa njia fupi ya bodi imekuwa bomba refu. Jozi ya njia hizo hutakiwa kuwa na impidansi ya omu 90 tangu mwanzo hadi mwisho. Zinapoachana, zinapopanuka, au zinapopita juu ya ufa katika tabaka la shaba la chini, sehemu ya ishara huakisiwa.

Basi mtafuta kosa na akilazimishe chombo kifanye kazi kwa megabiti 12. Kisipotulia hata hapo, achunguze umeme wa volti 5 na ulehemu. Kikitulia, programu si mshukiwa wa kwanza: apime njia, abadili kebo kwa iliyo fupi, aondoe kwa muda kijenzi cha kinga chenye kapasitansi kubwa, kisha aitazame kristali ya saa. Hiyo ya mwisho hupuuzwa mno, ilhali mwendo mkubwa huvumilia tofauti ya sehemu 500 tu katika milioni, na mwendo mdogo 2,500.

Huenda ikadaiwa kwamba mambo haya yahitaji osiloskopu ya bei isiyofikiwa na shule. Kuliona akisiko lenyewe, naam, kulielewa, hapana. Upungufu uko katika ufundishaji, kwani mawimbi hufundishwa katika sura yake na umeme katika sura nyingine, kana kwamba mkondo hufika kila mahali kwa mara moja. Mwalimu wa Masasi aweza kuunganisha kamba nyembamba na nene, akaitikisa ile nyembamba, na darasa zima likaona sehemu ya wimbi ikirudi kutoka kwenye kifundo.