Massey Ferguson 35: Uimara Tu Hautoshi

Ndugu mkulima, wanaokuambia trekta hili halina kasoro wanakudanganya. Ni kweli, injini yake ya dizeli ya Perkins, silinda 3, fundi wa kijijini anaimudu. Hidroliki yake huegemeza sehemu ya uzito wa plau kwenye magurudumu ya nyuma, ndiyo maana trekta dogo hivyo linalima. Lakini lilitoka kiwandani bila fremu ya kumkinga dereva! Ukifunga mnyororo juu ya ekseli kung'oa kisiki, pua huinuka na trekta humwangukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Funga chini, kwenye chuma cha kuvutia trela. Na kabla ya kulipaka rangi mpya, lifungie fremu imara na mkanda. Spea ya dereva haiuzwi.